Kwaya Iliyokwenda Kuimbia Shule

Mwishoni mwa Julai 1890 kundi la waimbaji weusi kutoka Marekani lilifika Kimberley, mji wa almasi uliokuwa chini ya Koloni la Cape, na miongoni mwa waliokwenda kuwasikiliza alikuwamo kijana Msotho aitwaye Josiah Semouse. Alikuwa amesoma Lovedale, shule maarufu ya wamisionari wa Kiskoti. Miezi michache baadaye barua yake kuhusu usiku ule ilitoka katika Leselinyana la Lesotho, gazeti la Kisotho lililochapwa na wamisionari wa Kifaransa. Semouse alizisifu sauti, tena sana. Lakini barua yake haikuishia kwenye nyimbo. Aliwaeleza wasomaji wake kwamba watu hawa, waliotokana na watumwa, wana shule zao, vyuo vyao, mahakimu na maaskofu wao, kisha akauliza ni lini Waafrika nao watafika hapo. Asiyejua angedhani anasoma barua ya mtu aliyetoka kwenye mkutano wa siasa, kumbe ni ya mtu aliyetoka kusikiliza kwaya.

Kundi hilo lilikuwa la Orpheus McAdoo, mwanamume aliyezaliwa North Carolina mwaka 1858 na kumaliza masomo Hampton, chuo cha watu weusi kule Virginia, mwaka 1876. Lilitua Cape Town mwezi Juni 1890 na likazunguka nchi kwa muda mrefu, likiwaimbia Waingereza, Makaburu na Waafrika. Inasemekana hata Paul Kruger, rais wa Transvaal, alitokwa na machozi aliposikia mojawapo ya nyimbo za huzuni za watumwa. Wakati huohuo sheria za nchi zilimtaka mtu mweusi awe na pasi mfukoni na asionekane barabarani usiku bila kibali. McAdoo na wenzake walisamehewa masharti hayo kwa kuwa ni wageni. Wenyeji waliokaa nao ukumbini hawakusamehewa, na McAdoo aliliona hilo. Alimwandikia mkuu wake wa zamani kule Hampton kuwa ubaguzi aliokutana nao huko ulipita aliokuwa ameuzoea kwao.

Biashara ya McAdoo ilikuwa na mzazi wake. Mwaka 1871 Chuo cha Fisk, mjini Nashville, kilikuwa hoi kifedha. Mtunza hazina wake, George White, ambaye pia alifundisha muziki, aliwachukua wanafunzi wachache, wengi wao waliozaliwa utumwani, wakaenda kuimba miji ya kaskazini wakichangisha. Mwanzo walidharauliwa na kulala njaa. Ila walipoacha nyimbo za kawaida na kuimba zile za mashambani kwa wazazi wao, ukumbi ulibadilika. Mwaka 1873 walivuka bahari, wakaimba mbele ya Malkia Victoria, wakarudi na fedha za kujengea Jubilee Hall, jengo ambalo bado limesimama Fisk hadi leo. Tangu hapo ikajulikana kwamba kwaya inaweza kujenga shule. McAdoo mwenyewe alikuwa ameimba katika kundi lililorithi jina hilo la Fisk, chini ya Frederick Loudin, kabla ya kuanzisha lake. Kilichosahaulika upesi ni kwamba ziara iliyofuata ya wale wa Fisk barani Ulaya ilivunjika Ujerumani mwaka 1878, waimbaji wakiwa wamechoka na kuugua.

Basi wazo lilikuwa hewani. Kimberley ilikuwa na watu wa kulidaka.

Ukisikia Kimberley ya 1890 usifikirie wachimbaji peke yao, ingawa ni wao, waliofungiwa katika kambi za kampuni, waliokuwa wakiichimba ile almasi. Palikuwa pia na tabaka dogo la walimu, makarani, wakalimani wa mahakama na wafanyakazi wa posta: Waxhosa, Wamfengu, Wasotho, watoto wa misheni. Walicheza kriketi, walisoma magazeti, walivaa suti na kola ngumu, na wale waliotimiza masharti ya mali walipiga kura, maana sheria ya Cape wakati huo haikutaja rangi. Na waliimba. Waliimba kwa sauti nne, wakisoma solfa, ile njia ya do-re-mi iliyosambazwa na Mwingereza John Curwen na ambayo misheni ziliipenda kwa sababu mtu anaweza kuisoma bila piano wala mistari mitano ya nota. Mwanakwaya yeyote wa Dodoma au Machakos aliyewahi kuandikiwa solfa ubaoni anajua ninachosema. Ndiyo njia ambayo Enoch Sontonga, mwalimu wa Kimethodisti karibu na Johannesburg, aliitumia mwaka 1897 kuandika wimbo ambao sauti yake Watanzania huisimamia kwa heshima kila wanapoimba Mungu Ibariki Afrika.

Katika watu hao ndimo ilimotoka kwaya. Walioiunda kibiashara walikuwa wazungu wawili, James Balmer na Walter Letty, na lengo lililotangazwa lilikuwa kuchangisha fedha za shule ya ufundi kwa ajili ya Waafrika. Waimbaji walitoka Kimberley, Lovedale na sehemu nyingine za Cape. Alikuwamo Paul Xiniwe, aliyekuwa mwalimu na baadaye mfanyabiashara wa hoteli mjini King William's Town, pamoja na mkewe Eleanor. Alikuwamo Josiah Semouse mwenyewe, yule wa barua. Walikuwamo Johanna Jonkers, Sannie Koopman, na wavulana wawili, Albert Jonas na John Xiniwe. Na walikuwamo ndugu wawili wa tumbo moja, Charlotte na Katie Manye. Charlotte alikuwa mwalimu Kimberley, na mtu wa kuangaliwa tangu hapo.

Walifika London Juni 1891. Swali la kwanza lililowakabili halikuwa la muziki bali la mavazi.

Hawa walikuwa watu wa misheni. Wengine wao ngozi ya chui waliiona kwa wazee tu, au kwenye maonyesho. Lakini mtazamaji wa London, aliyekuwa ameshibishwa picha za vita vya Wazulu vya 1879 na michezo ya wazungu waliojipaka masizi usoni, hakulipa kiingilio aje kumwona karani wa posta mwenye tai. Yakatafutwa maafikiano. Onyesho likagawanywa sehemu mbili: katika moja waliingia wamevaa ngozi, shanga na mablanketi wakiimba nyimbo za kwao, za harusi na za kazi, katika nyingine wakarudi na magauni marefu na suti nyeusi wakaimba tenzi za kanisani na nyimbo za Kiingereza. Mpangilio wenyewe ulikuwa mahubiri ambayo mtazamaji aliyaelewa bila kuambiwa: tazama walivyokuwa, tazama tulivyowafanya.

Huo ulikuwa uongo, nadhani na waimbaji walijua. Zile nyimbo za sehemu ya kwanza hazikuwa za zamani kwa namna ile mtazamaji alivyofikiri. Nyingi zilikwisha kupangwa kwa sauti nne na watu waliosoma shule. Utenzi wa Ntsikana, nabii wa Kixhosa aliyefariki 1821, unamtaja Mungu wa Wakristo kwa lugha ya sifa ya Kixhosa na kwa sauti ya Kixhosa, na ulikuwa umekaa makanisani miaka mingi kabla ya Balmer kuota habari ya kwaya. Utauweka upande gani, wa ngozi au wa suti? Huwezi kuukata. Ila bango la tamasha lilikuwa na pande mbili tu.

Mwezi Julai waliitwa Osborne, kasri la Malkia kwenye Kisiwa cha Wight, wakamwimbia Victoria. Kwa kundi lililokuwa na wiki chache tu nchini hiyo ilikuwa bahati kubwa, na mameneja walijua namna ya kuitumia, kwani jina la Malkia kwenye tangazo liliuza tikiti kuliko sifa yoyote ya sauti. Waliimba pia Crystal Palace, lile jumba la vioo la London, kisha wakashika njia ya reli kuzunguka miji.

Wakati huohuo studio ya London Stereoscopic Company iliwapiga picha, mmoja mmoja na kwa makundi, kwenye vioo. Picha hizo ziko mbele yetu leo na zinastahili kuangaliwa taratibu. Eleanor Xiniwe amefunga kilemba, shingo imenyooka, anakutazama kama mama mwenye nyumba anayengoja useme shida yako. Wavulana wamepewa fimbo na ngozi, nao wameshika mapozi waliyoelekezwa. Katika picha nyingine watu walewale wamevaa magauni yenye vifungo hadi kidevuni. Ukiziweka picha sambamba utagundua kwamba nguo zimebadilika na macho hayakubadilika. Mpiga picha hakuwapunguzia heshima, sijui kwa kukusudia au kwa kuwa wao wenyewe hawakukubali ipungue.

Mwandishi mashuhuri W. T. Stead aliwahoji na mahojiano yakatoka katika jarida lake, Review of Reviews, Septemba 1891. Hapo Charlotte anasikika waziwazi. Hakuomba huruma. Aliwaambia Waingereza wasaidie kupatikana shule ambamo watu wake watajifunza kazi za mikono, wajenge, wajitegemee. Na wafunge vilabu vya pombe vilivyokuwa vikiwaharibu. Alikuwa binti kijana, anaongea Kiingereza mbele ya mmoja wa waandishi wenye nguvu kuliko wote London, na anajua hasa anachotaka kusema. Ninaposoma habari za maisha yake ya baadaye, mikutano, maandamano, hotuba, naona kuwa kwaya ilikuwa jukwaa lake la kwanza la siasa.

Fedha hazikuonekana. Hapa hakuna fumbo kubwa. Kundi la watu zaidi ya kumi na wawili linalozunguka Uingereza linalipa nauli za treni, vyumba, chakula, kodi ya kumbi, mabango na mawakala, na linalipa hata usiku ambao viti vimebaki vitupu. Fisk walikuwa na chuo nyuma yao na mtunza hazina aliyeandika kila senti kwa ajili ya chuo hicho. Kwaya ya Afrika ilikuwa na mameneja. Shule iliyokuwa ikichangiwa ilikuwa bado jina tu, haina bodi, haina kiwanja, haina mtu wa kuuliza mapato ya jana yako wapi. Waimbaji walianza kulalamika juu ya malipo na jinsi walivyotendewa, ugomvi ukawa wa wazi, na mwaka 1892 kwaya ikagawanyika. Xiniwe na wengine wakarudi nyumbani. Shule ya ufundi haikujengwa.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yanageuka. Mwaka huohuo wa 1892, wakati baadhi yao wakiwa bado ugenini, bunge la Cape chini ya waziri mkuu Cecil Rhodes lilipandisha kiwango cha mali kwa mpiga kura kutoka pauni 25 hadi 75. Sheria haikutaja rangi safari hii pia, na haikuhitaji kutaja, kwani kila mtu alijua ni nani waliokuwa na pauni 25 na wasio na 75. Kumbe wakati nusu ya pili ya onyesho ikiwaonyesha Waingereza jinsi Mwafrika aliyesoma alivyo raia kamili, serikali iliyoko chini ya bendera ya Malkia huyohuyo ilikuwa inawapunguza Waafrika waliosoma kwenye daftari la wapiga kura.

Katie alirudi kwao. Charlotte hakutosheka. Liliundwa kundi la pili, na mwaka 1893 likaanza safari iliyolifikisha Canada na Marekani. Kisa kikajirudia kwa ubaya zaidi. Ziara ilivunjikia Ohio, na waimbaji wakajikuta Cleveland, mji wenye baridi kali, bila fedha na bila wa kuwarudisha kwao. Aliyewapokea ni Reverdy Ransom, mchungaji wa kanisa la AME, yaani Kanisa la Kimethodisti la Kiaskofu la Waafrika, lililoanzishwa na watu weusi wa Philadelphia waliokataa kupiga magoti pembeni katika kanisa la wazungu. Kanisa hilo lilikuwa na chuo chake kusini mwa Ohio, Wilberforce, kilichopewa jina la Mwingereza aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya utumwa. Baadhi ya wanakwaya wakapelekwa huko kusoma, Charlotte akiwa mmoja wao. Mwalimu mpya wa Kilatini na Kigiriki pale Wilberforce, kuanzia 1894, alikuwa kijana aliyetoka masomoni Berlin: W. E. B. Du Bois. Miaka mingi baadaye Du Bois alimwandika Charlotte kwa heshima kubwa.

Semouse alikuwa ameuliza mwaka 1890 ni lini. Sasa mwenzake alikuwa amekaa ndani ya jibu: chuo kinachoendeshwa na watu weusi, maaskofu weusi, walimu weusi. Na alifanya lile ambalo mtu yeyote aliye mbali na kwao hufanya, akaandika barua.

Barua ilikwenda kwa Katie, na karatasi yake ilikuwa na jina la kanisa la AME juu. Kule Pretoria alikuwako mchungaji Mangena Mokone, aliyejitoa katika kanisa la Wesley mwaka 1892 kwa kuchoshwa na ubaguzi kati ya wachungaji weupe na weusi, akaanzisha kanisa lake aliloliita la Ethiopia. Alikuwa na waumini, hakuwa na mtandao wala shule. Alipoiona ile barua ya Charlotte alipata anwani. Mwaka 1895 alimwandikia Askofu Henry McNeal Turner wa AME; mwaka 1896 kanisa lake likaamua kuungana nao; na mwaka 1898 Turner mwenyewe akaja Afrika Kusini, akahubiri na kuwabariki wachungaji kwa makumi. Serikali za wazungu zilishtuka. Neno "Uethiopia" likawa tishio katika ripoti zao kwa miaka mingi, na majasusi wakatumwa kusikiliza mahubiri.

Ukizirudisha hatua hizi nyuma moja baada ya nyingine, zinaishia kwenye kwaya iliyotelekezwa Cleveland. Meneja mwaminifu angewarudisha salama Kimberley, wakasimulia habari za theluji na Malkia, yakaisha. Sisemi kwamba ulaghai ni baraka. Nasema kwamba wanaoandika historia ya ziara hii kama hadithi ya kushindwa wamehesabu fedha tu.

Charlotte alihitimu Wilberforce mwaka 1901 na shahada ya sayansi, mwanamke wa kwanza mweusi wa Afrika Kusini kupata shahada. Aliolewa na Marshall Maxeke, kijana wa kwao aliyefuata njia ileile hadi Ohio. Waliporudi walifundisha, na wakashiriki kuanzisha shule ya AME huko Evaton, kusini mwa Johannesburg, nayo ikaitwa Wilberforce. Mwaka 1918 akaanzisha Bantu Women's League, umoja wa wanawake waliopinga kulazimishwa kubeba pasi, na akawa kiongozi wake. Alifariki Oktoba 1939. Hospitali kubwa ya Johannesburg ina jina lake tangu 2008, na jeshi la majini la Afrika Kusini lina nyambizi iitwayo Charlotte Maxeke, heshima ambayo sina hakika mtu wa tenzi angejua aipokee vipi.

Katie yeye alikaa Natal. Kwa miongo mingi alikuwa msaidizi na mkalimani wa daktari Mmarekani, James McCord, mjini Durban. Mwaka 1954, akiwa bibi kizee, alimsimulia binti wa daktari huyo, Margaret, maisha yake yote, kwaya ikiwamo, na kitabu kikatoka mwaka 1995. Ni bahati yetu, kwa sababu yako mengi kuhusu ziara hii yaliyoandikwa na mameneja na magazeti, na machache sana kutoka kinywani mwa aliyesimama jukwaani.

Vile vioo vya picha vilipotea machoni pa watu kwa zaidi ya miaka 120. Vilikutwa katika hifadhi ya Hulton mjini London, na mwaka 2014 shirika la Autograph likazionyesha picha hizo zikiwa zimekuzwa, sura za waimbaji zikiwatazama watu wa London kwa mara nyingine. Watunzi wawili wa Afrika Kusini, Philip Miller na Thuthuka Sibisi, wakaombwa kuzipa sauti. Tatizo ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kuirekodi kwaya ile. Walichokuwa nacho ni orodha ya nyimbo iliyochapwa kwa ajili ya watazamaji wa wakati ule, na kutoka humo walichagua nyimbo tano wakazitunga upya pamoja na vijana waimbaji, wakikisia. Magazeti hayakuwasaidia sana. Waandishi wa 1891 walimaliza wino kueleza ngozi na shanga. Laiti hata mmoja wao angeandika utenzi wa Ntsikana uliimbwa kwa mwendo gani.